Visiki vya Mama Mkasi

Jina la Mama Mkasi alilipata kabla hajawa mama wa mtu yeyote. Baba yake aliteguka uti wa mgongo akishusha mzigo, na mwaka huo hapakuwa na mtu wa kupogoa mibuni yao. Mama yao alikuwa amejifungua karibuni, na mdogo wake wa kiume alikuwa bado anafundishwa kuvaa viatu. Baba akatolewa nje na kiti chake cha uvivu, akawekwa katikati ya safu za mibuni, akawa anaelekeza kwa fimbo: kata hilo, acha hili, lile linanyonya bure, liondoe. Binti akakata. Mwanzoni alikata kwa woga, akiomba radhi kimoyomoyo kila tawi linapoanguka, hadi baba akamwambia kwamba mti haujali huruma ya mtu, unajali makali ya mkasi tu.

Baba alipopona na kuweza kusimama, hakuna aliyekumbuka kumnyang'anya binti ule mkasi. Majirani wakaanza kumwita akawapogolee. Alikuwa na jicho la kuona tawi litakalozaa na tawi litakalojaza majani tu, na hakuwa na maneno mengi. Wanaume wachache walicheka kumwona msichana juu ya ngazi na msumeno kiunoni, kisha msimu ukafika, mibuni ikainama kwa matunda, wakaacha kucheka na kuanza kupanga foleni.

Nchi nzima wakati huo ilikuwa inakula kahawa pasipo kuinywa. Tawi la mbuni lilichorwa kwenye sarafu. Shuleni watoto waliimba kwamba kahawa ni uti wa mgongo wa taifa, na mwalimu aliyewaimbisha alilipwa kwa fedha iliyotokana na hiyo hiyo kahawa. Barabara ya lami ililetwa hadi pale kwa sababu malori yalikuwa yanakwama na mzigo. Hata ahadi za watu zilifuata kahawa: harusi ilingoja malipo ya chama cha ushirika, mgonjwa asiye na haraka alingoja malipo, na mtu akidaiwa alisema "kahawa ikiuzwa" na mdai akaelewa, akaenda zake. Nyumba ya baba yao yenyewe ilikuwa ya kahawa kuanzia msingi hadi bati, na kochi la sebuleni lenye vitambaa vya kufuma liliingia mlangoni msimu mmoja mzuri ambao wazee waliusimulia kwa muda mrefu.

Mama Mkasi aliolewa na fundi mwashi, akazaa binti mmoja, akafiwa na mume mapema. Alirudi kwao na mtoto mgongoni. Baba yake akampa vyumba viwili vilivyokuwa vikitumika kuwekea majembe na magunia, chini kabisa mwa shamba, karibu na njia. Alivipaka chokaa mwenyewe, akatia dirisha, akajenga banda la mbuzi ubavuni. Baba alipokaribia kufa alisema mbele ya mashahidi kwamba shamba ni la mwanawe wa kiume, na kwamba dada mtu asiguswe pale alipo. Kila aliyekuwepo aliona amegawa vizuri. Mama Mkasi naye alitikisa kichwa kukubali, maana hakuna aliyemuuliza swali ambalo lingehitaji jibu jingine.

Mdogo wake aliitwa Dereva, na kweli hakuwa na kazi nyingine tangu alipopata leseni. Aliendesha lori la kampuni iliyosomba kahawa kutoka maghala ya ushirika hadi bandarini. Alikaa safarini majuma mazima, akarudi na vumbi kuanzia kope hadi soksi, akalala mchana kutwa, akaondoka tena. Mibuni yake mwenyewe aliiona kwa kupita tu. Aliyeishughulikia ni dada yake kwa mkasi na mke wake kwa jembe. Mke huyo na Mama Mkasi waliitana wifi kama ilivyo ada ya mawifi, ila hawa wawili walipendana, jambo ambalo Dereva alilitilia shaka tangu mwanzo.

Kisha bei ikaanguka. Ilianguka msimu wa kwanza, watu wakasema itainuka. Ikaanguka wa pili, wakanyamaza. Chama kilichelewesha malipo, kikalipa nusu, kikaomba subira. Dereva ndiye aliyeumia roho zaidi ya wote, kwa sababu yeye aliiona kahawa ikiondoka. Alikuwa akipakia magunia hadi turubai linakataa kufunga, anayafikisha bandarini, anaona yanaingia tumboni mwa meli, halafu anarudi nyumbani anakuta mke wake ameambiwa asubiri. Alisema kwamba kuna mtu mahali fulani anashiba, na kwamba mtu huyo si yeye.

Majirani walianza kung'oa mibuni na kupanda mboga. Sheria ilikataza. Kahawa ilikuwa mali ya nchi hata ikiwa shambani kwa mtu, na aliyeng'oa alitozwa faini. Lakini sheria haikukataza kupogoa, na Dereva akaliona tundu hilo.

Alimwita dada yake sebuleni, akafunga mlango. Wifi alikuwa anamimina chai.

"Dada, tunakata yote," alisema. "Wewe kata magotini, kama unavyowakatia watu ile yao mizee. Bwana shamba akija, mwambie tunafufua mibuni. Akishaona akaondoka, visiki unavimwagia mafuta machafu ya injini, nitakuletea. Vikifa, vimekufa vyenyewe. Hapo napanda vitunguu."

Mama Mkasi aliuliza kama hakuna njia ya kuacha hata safu chache. Dereva akasema hakuna. Akauliza kama wifi yake amekubali. Dereva akajibu kwamba wifi yake anataka watoto wapate kula, na wifi mwenyewe akaendelea kumimina chai ingawa kikombe kilikuwa kimejaa.

"Kwa hiyo mimi niwaambie watu tunafufua mibuni," Mama Mkasi alisema.

"Waambie hivyo. Wewe wanakuamini."

Hakubisha tena. Alijua akikataa, mdogo wake atatafuta kijana yeyote mwenye shoka, na mti uliokatwa na shoka hupasuka. Asubuhi alinoa msumeno.

Kazi ile ilikula siku nyingi. Alikata kila mbuni chini ya goti lake, mkato wa mshazari ili mvua iteleze isilale juu ya kidonda, na katika kila kisiki aliacha tawi moja jembamba la kukipa pumzi hadi kichipue. Ndivyo alivyozoea kukata, na mkono wake haukujua namna nyingine. Wifi alikusanya matawi akayafanya kuni. Shamba lililokuwa na kivuli tangu enzi za baba yao likabaki peupe, nyumba ya juu na vyumba viwili vya chini vikaonana kwa mara ya kwanza. Wapita njia walisimama, wakaguna, wakapita.

Bwana shamba alikuja na pikipiki yake, akatembea kati ya visiki, akainama hapa na pale. Mama Mkasi alimwambia wanafufua mibuni. Bwana shamba akasema anaona hivyo, tena kazi imenyooka, na akaahidi kurudi mvua zikianza. Juma hilo Dereva alishusha madumu mawili ya mafuta machafu mlangoni kwa dada yake, akapanda lori, akaenda bandarini.

Madumu yalikaa pale mlangoni. Mama Mkasi aliyapita akienda kuteka maji, akayapita akirudi. Baadaye watu walipomuuliza, alikana kwamba alikuwa na mpango wowote. Alisema alibeba dumu moja hadi safu ya kwanza, akalifungua, akatazama kisiki cha kwanza, akatazama cha pili, asijue aanzie wapi. Akalifunga. Siku hiyo hiyo aliona mchwa wamepanda nguzo za banda la mbuzi, akachukua tambara na kuanza kuzipaka mafuta, nguzo moja baada ya nyingine. Wifi yake alipotokea na beseni la nguo, alisimama akatazama.

"Mchwa wamezidi," Mama Mkasi alisema.

Wifi aliweka beseni chini. Alirudi nyumbani kwake, akaja na brashi kuukuu ya kupakia rangi, akamkabidhi.

Mvua ziliponyesha, visiki vilitoa machipukizi mengi mno, mengine yakitokea hadi kwenye shingo ya mzizi. Vitunguu navyo, ambavyo wifi alivipanda katikati ya safu, vikaota vizuri kwa kupata jua. Dereva alirudi safari akiwa na usingizi wa majuma mawili. Alifungua dirisha la chumbani akaliona shamba lote limevaa kijani kwa chini. Hakupata muda wa kuuliza, kwani nje kulikuwa na kelele za watu. Bwana shamba alikuwa ameleta wakulima wa vijiji vya jirani, kundi zima, waje kujifunza jinsi mtu mwenye akili anavyofanya bei inapokuwa mbaya: haachi shamba, halaani, bali anatumia muda huo kufufua mibuni yake na kupanda kitu kati ya safu kimtunze akingoja.

Dereva aliitwa mbele katika fulana yake ya kulalia. Bwana shamba alimshika bega, akamsifu kwa uzalendo. Wakulima wakapiga makofi. Mmoja akamwomba aseme neno. Dereva alikohoa, akasema kwamba ni kweli, waliamua kufufua mibuni, na kwamba kazi yenyewe ameifanya dada yake. Mama Mkasi alikuwa amesimama nyuma ya kundi na mkasi mkononi, akitazama miguu ya wageni isije ikavunja machipukizi.

Kundi lilipoondoka, Dereva alimfuata dada yake jikoni kwa wifi.

"Mafuta yangu yako wapi?"

"Nimepaka nguzo za banda."

"Umenidanganya, dada."

"Wewe uliniambia niwaambie watu tunafufua mibuni," alisema. "Nikawaambia. Ulitaka wote hao niwadanganye?"

Wifi akageukia sufuria. Dereva hakuweza kwenda kumshitaki dada yake popote, kwani angeshitaki nini? Hakuweza kung'oa, kwani shamba lake lilikuwa limeshakuwa mfano wa kuigwa. Alichoweza alikifanya. Alimwambia dada yake asikanyage tena shamba lake. Mama Mkasi akasema sawa, akashuka kwenye vyumba vyake viwili.

Ni haki kusema kwamba Dereva hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wanaosoma na mshahara usiokutana na mwezi, na dada yake alikuwa ameamua, kwa niaba ya midomo ya nyumba nzima, kwamba shamba lingoje misimu miwili au mitatu. Mama Mkasi alilijua hilo. Katika majuma yale binti yake alipokuja kumtembelea kutoka mjini, alimkuta amekonda. Alimwambia binti kwamba hajutii, ila chakula kinamshinda, na akiona watoto wa wifi wanakwenda shule na sare zilizofupika, anageuza uso.

Sasa kisiki kikichipua kikaachwa, machipukizi kumi hupigania maji ya mmoja, na mwishowe huwa kichaka kisichozaa. Lazima yapunguzwe, yabaki mawili au matatu yenye nguvu, yaliyokaa mbalimbali. Wifi hakujua achague yapi. Alishuka hadi ukingoni mwa shamba, akamwita Mama Mkasi aliyekuwa upande wa pili wa njia akichunga mbuzi. Mama Mkasi alisema amekatazwa kukanyaga. Wifi akasema njia si ya Dereva, njia ni ya serikali. Basi Mama Mkasi akasimama njiani, akaelekeza kwa sauti: hilo toa, hilo la kushoto acha, sio hilo, lile nene. Safu za karibu zilipatikana vizuri kwa namna hiyo. Safu za juu, karibu na nyumba, hazikuonekana kutoka njiani, na wifi alizikata kwa kubahatisha. Zile za mwisho kabisa aliziacha, zikawa msitu. Majirani walizoea kuwasikia. Wengine walipitia pale makusudi kupata somo la bure.

Dereva alijua. Akiwa nyumbani, kazi hiyo ilisimama, na hakuna aliyemwambia neno. Dada na kaka walisalimiana njiani kwa adabu, wakaulizana afya, wakapishana. Hali hiyo iliendelea hadi mibuni ikafika kifuani mwa mtu na kutoa maua ya kwanza.

Kilichombadilisha Dereva hakikutokea shambani. Kwenye yadi ya kampuni, mjini, malori yalianza kupaki bila zamu. Mwanzo yalipaki mawili, baadaye safu nzima, na majani yakaota katikati ya matairi. Madereva walikaa kwenye ukingo wa saruji wakicheza drafti kwa vifuniko vya soda. Mzigo ulikuwa umepungua kila msimu, na hatimaye meneja akawaita mmoja mmoja ofisini, akawashukuru, akawaambia kampuni haiwezi kuwalipa watu wa kusomba hewa. Dereva alitoka na bahasha na begi lake. Pale kwenye saruji wenzake walikuwa wanabishana mzigo umekwenda wapi. Mmoja akasema unaulizia nini, si watu wameng'oa kahawa? Wamepanda vitunguu. Wakacheka kidogo, kama wanavyocheka watu waliomwaga unga. Dereva hakucheka.

Alifika nyumbani wakati wa mavuno. Wifi alikuwa shambani, kikapu kiunoni, matunda mekundu yamejaa nusu. Alimwona mumewe na begi, akalisoma begi. Alimpa kikapu cha pili.

Dereva alichuma siku hiyo na siku zilizofuata. Alichuma vibaya, akichanganya mabichi na mabivu na kuvunja vikonyo, na mke wake akamkaripia mbele ya wachumaji wengine jinsi ambavyo hangethubutu zamani. Alikubali kukaripiwa. Jioni aliangalia mikono yake iliyogandamana kwa utomvu mtamu, akasema kwamba alikuwa amebeba kahawa nusu ya maisha yake na hakujua inavyonata.

Mavuno yalipopungua, alishuka kwa dada yake. Alimkuta anafua. Alikalia kigoda, akazungumza habari za barabara, za daraja lililochukuliwa na mafuriko, za meneja. Mama Mkasi aliendelea kusugua kola ya gauni.

"Zile safu za mwisho zimekuwa msitu," Dereva alisema hatimaye.

"Nimesikia."

"Hukuja kuzikata."

"Nilikatazwa."

Dereva alichukua kijiti, akachora chini, akafuta kwa kiatu. "Basi njoo."

Hakuomba radhi, na aliyemjua hangetarajia. Mama Mkasi alilikamua lile gauni, akalianika, akalirudia kulinyoosha kwenye kamba. Aliporudi kukaa, alijifunga kanga upya kwa nguvu kupita kiasi. Yeye mwenyewe alishangaa. Alikuwa amedhani ana huzuni tu, kumbe alikuwa na hasira, tena si ya jana.

"Nitakuja," alisema. "Lakini nina neno. Tangu baba alipoanguka mimi ndiye ninayekata hii mibuni. Chamani sina jina, kwa sababu sina hata mti mmoja. Nataka zile safu za mwisho ziwe zangu. Ziandikwe chamani kwa jina langu, si lako, na nikifa ziwe za binti yangu."

Dereva alikuwa mtu wa kupima mzigo kabla ya kuukubali. Aliuliza kama ni zile zilizoharibika. Dada akasema ni hizo hizo. Aliuliza wifi atasema nini, na Mama Mkasi akamwambia akamuulize. Dereva akapanda juu. Haikuchukua muda akarudi, akasema wifi amemuuliza kwa nini hakulifanya zamani.

"Utakuja lini?" aliuliza.

"Kesho. Leo nafua."

Siku ya kuandikishwa walikwenda wote watatu. Ofisi ya chama ilikuwa chumba kimoja chenye meza ya karani, mizani ya zamani pembeni, na magunia matupu yaliyokunjwa hadi dirishani. Karani, kijana mpole aliyewahi kupogolewa shamba na Mama Mkasi, alidhani amekuja kusindikiza. Alipoambiwa, alitafuta kalamu kwa muda mrefu. Alisema hakuwahi kufikiri kwamba Mama Mkasi si mwanachama.

Safu zile zilimsumbua. Ilimbidi azikate upya magotini na kuanza tena, na goti lake lenyewe wakati huo lilikuwa limeanza kugoma kukunjika. Akawa anakata huku wifi amemshikilia kiuno. Dereva alijifunza kupogoa kidogo, hakufikia kiwango, akatafutiwa kazi ya kuendesha gari dogo la chama. Vitunguu havikung'olewa. Viliendelea kupandwa upande wenye jua, na msimu ambao bei ya kahawa iliyumba tena, ndivyo vilivyolipa ada. Mama Mkasi alikiri hivyo bila kulazimishwa.

Mavuno ya kwanza ya safu zake yalikuwa haba. Ugonjwa wa matunda uliingia na mvua za baridi, ukaweusha mengi yakiwa machanga. Dereva alimwambia asihangaike, achanganye na yake, gari lipo. Alikataa. Alibeba kikapu chake kichwani hadi kwenye kiwanda cha chama cha kumenyea kahawa, akapanga foleni na wanachama wengine, mbele yake mzee mwenye baiskeli, nyuma yake wanawake wawili waliokuwa wanasimuliana habari za mkwe. Zamu yake ilipofika, karani alipima, akasoma uzito kwa sauti ya kila siku, akaita anayefuata. Mama Mkasi akasogea pembeni, kwenye mtaro wa maji. Matunda yake yalimwagwa humo pamoja na ya watu wengine. Mabovu yalielea, yakachotwa kwa kichungio. Mazuri yalizama, yakavutwa na maji kuelekea kwenye mashine, na baada ya hatua chache hakuweza tena kuyatofautisha na ya mtu mwingine. Alisimama akatazama hadi mtaro ulipofungwa, akachukua kikapu chake, akaenda kwa jirani aliyekuwa amemwita akamkatie mibuni.